Kumsoma Ali Muhsin Dubai

Nilihamia Dubai mwaka 1999. Nilipanga chumba Deira, karibu na Khor, pale ambapo majahazi ya mbao hujipanga ubavu kwa ubavu yakipakia majokofu, matairi na magodoro. Ijumaa, baada ya sala, nilikuwa nikiwakuta wazee kadhaa wameketi kwenye viti vya plastiki mbele ya duka la mmoja wao. Walivaa kanzu na vilemba kwa mtindo wa Imarati, na mteja alipoingia walimjibu kwa Kiarabu. Akitoka tu, walirejea kwenye Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Mjini, cha Unguja ya miaka ya hamsini, kilichohifadhiwa mbali na kelele za redio zetu za leo.

Siku ya kwanza niliamkia, wakaitikia, kisha mmoja akaniuliza: "Wewe wa wapi, mwanangu?"

"Unguja, babu."

"Unguja wapi?"

"Ng'ambo. Mwembetanga."

Hawakusema kitu kwa muda. Nikaletewa kahawa, nami nikaelewa kwamba katika baraza ile jina la mtaa lilitosha kuwa kadi ya chama. Waliendelea kunikirimu miaka yote niliyokwenda pale, lakini hawakusahau nilikotoka, kama mimi nisivyosahau walikotoka wao.

Katika baraza hiyo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza jina la Ali Muhsin Barwani likitajwa bila ya laana. Wao walimwita Zaim. Nyumbani kwetu hakuwa Zaim. Babu yangu alikuwa fundi seremala, mwanachama wa Afro-Shirazi tangu siku za mwanzo, na kila alipomtaja mtu huyo alisema "yule wa Hizbu", akaendelea na randa yake.

Makala haya ni juu ya mtu huyo ambaye sikupata kukutana naye, ingawa tuliishi nchi moja ya ugenini kwa miaka kadhaa. Ni pia juu ya swali ambalo wasomi wa historia ya Zanzibar hulizunguka mara nyingi: je, maisha ya mwanasiasa yapimwe kwa kiti alichokalia, au kwa kile alichokifanya baada ya kunyang'anywa kiti?

Neno zaim nililifahamu vizuri zaidi kwa msaada wa mwenzangu wa kazini aliyetoka Beirut. Nilipomweleza kwamba sisi pia tulikuwa na zaim, alicheka, akaniuliza alidumu miaka mingapi bungeni. Kwao Lebanoni zaim ni mkubwa wa madhehebu na eneo. Huingia bungeni kijana, hushika wizara hii na ile, na anapozeeka humwachia mwanawe kiti. Nabih Berri amekuwa Spika wa Bunge lao tangu 1992. Viti 128 vya Bunge hilo vimegawanywa nusu kwa nusu baina ya Waislamu na Wakristo, kwa mapatano ya Taif ya 1989, na mgawanyo huo humlinda zaim kuliko unavyomlinda mpiga kura. Nilipomjibu kwamba Zaim wetu alikuwa waziri kwa muda usiofika miaka mitatu, na kwamba uwaziri wake wa nchi huru ulidumu siku 33, hakucheka tena. Aliniuliza kilichotokea. Nilianza kumweleza, nikagundua kwamba ninachokijua ni nusu, na nusu yenyewe ni ya upande mmoja.

Nikaanza kusoma.

Ali Muhsin alizaliwa Unguja mwaka 1919, akasoma kilimo Makerere, akawa mhariri wa gazeti la Mwongozi, na kutoka humo akaingia katika siasa za chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilichoundwa mwishoni mwa 1955. Chama hicho kilikuwa na mzizi katika kundi la wakulima wa Kiembe Samaki, jambo ambalo wapinzani wake hupenda kulisahau. Kilikuja kuongozwa na watu wa Mjini wenye elimu na nasaba, jambo ambalo wafuasi wake nao hawapendi kukumbushwa. Kilidai uchaguzi wa pamoja, usiogawa watu kwa kabila, na kilidai uhuru mapema. Nembo yake ilikuwa jogoo.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, viti 6 tu vikigombaniwa. Ali Muhsin angeweza kusimama mahali pepesi. Alikwenda kusimama Ng'ambo, dhidi ya Abeid Amani Karume, akashindwa vibaya, na chama chake hakikupata hata kiti kimoja. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliompigia Karume siku hiyo. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kusimama kule kulikuwa kiburi cha bwana aliyedhani Ng'ambo ni mali yake. Wazee wa baraza walikuwa na maelezo mengine: aliamini kwa dhati kwamba Mzanzibari ni Mzanzibari, na akataka kulithibitisha hilo pale ambapo ni pagumu. Leo naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu anaweza kuamini usawa kwa moyo wake wote na bado asione umbali uliopo baina ya baraza lake na banda la seremala.

Umbali huo ulizidi. Katika uchaguzi wa Januari 1961 vyama viligawana viti 22 hata mwisho ikawa 11 kwa 11, na serikali ikashindikana. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na safari hii damu ikamwagika: watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu, baadhi yao wakiwa watu duni wa mashamba. Katika serikali iliyofuata Ali Muhsin alishika Elimu, na baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54 hivi, lakini viti 13 tu kati ya 31. Nationalist na washirika wao wa ZPPP walipata 18, na Mohamed Shamte akabaki kuwa Waziri Mkuu. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964.

Hesabu hiyo ya 1963 ndiyo iliyonilaza macho. Kwa sheria ya majimbo, serikali ile ilikuwa halali, na wazee wa baraza walilisema hilo kwa vidole vilivyonyoshwa. Kwa babu yangu, mtu mmoja kura moja ilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa imeibwa. Kiongozi mwenye busara, akiwa na wingi wa viti na uchache wa kura, angeinyoosha mikono kwa wapinzani kabla ya bendera kupandishwa. Hilo halikufanyika kwa kadiri ya kutosha, na Ali Muhsin, aliyekuwa na nguvu chamani kuliko Waziri Mkuu mwenyewe, hawezi kuondolewa katika lawama hiyo. Lakini hakuna hesabu ya kura inayohalalisha kilichofuata. Maelfu ya watu waliuawa, wengi kwa sababu ya jina au ndevu zao, na maelfu wengine wakapanda majahazi. Babu yangu hakupenda kuzungumzia Januari ile. Alisema tu kwamba kulikuwa na majirani, kisha hawakuwepo.

Ali Muhsin alifungwa katika magereza ya Bara kwa miaka kumi, bila ya kushtakiwa. Alipotoka hakuwa na pasipoti wala nchi. Alitorokea Kenya, akafika Cairo, na hatimaye akaja kuishi Dubai. Katika umri ambao zaim wa Beirut angekuwa akimtayarisha mwanawe kurithi kiti, yeye alikuwa mkimbizi mwenye kalamu.

Katikati ya miaka ya tisini, Zanzibar ilipokuwa ikirudi kwenye vyama vingi na uchaguzi wa Oktoba 1995, kalamu za wazee zilichemka zote kwa pamoja. Aman Thani, mwenzake wa Nationalist, alichapisha Dubai kitabu chake, Ukweli ni Huu, mwaka 1995, kwa Kiswahili. Omar Mapuri aliandika kutetea Mapinduzi mwaka uliofuata. Mwaka 1997 Ali Muhsin akatoa kumbukumbu zake, Conflicts and Harmony in Zanzibar, nazo pia zilichapishwa Dubai. Nakala niliyosoma niliazimwa na mzee wa baraza, aliyeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kunisihi nisiikunje kurasa.

Nilikisoma kwa siku nne. Ni kitabu cha wakili anayemtetea mteja, na mteja ni yeye mwenyewe. Amekiandika kwa Kiingereza, lugha ya waliomtawala na ya mahakama ambayo hakuwahi kufikishwa. Nilimwona akijieleza mbele ya ulimwengu, akiwajibu Waingereza, Nyerere na wanahistoria. Sikumwona akizungumza na Mwembetanga. Nilipofunga ukurasa wa mwisho nilikuwa nimejua mengi zaidi juu ya mateso yake, na niliyaamini, lakini swali la babu yangu lilikuwa bado halijajibiwa.

Nikarejesha kitabu. Mzee akanitazama, akaingia ndani ya duka, akatoka na kitabu kingine kinene. Ilikuwa Tarjama ya Al-Muntakhab, tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili aliyoifanya Ali Muhsin, iliyotoka mwaka 1995 kwa kufuata tafsiri ya wanazuoni wa Misri. "Hii usinirejeshee," akasema.

Wasomi wa lugha yetu wanaijua safu ya tafsiri hizo: ya Padri Godfrey Dale ya 1923, ya Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya ya 1953, na ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyokamilika 1969, ambayo ndiyo iliyozoeleka misikitini kwetu. Farsy huandika kama mwalimu mbele ya darasa: anasimama, anaeleza pambizoni, anajibu hoja za wengine. Ali Muhsin huandika kama msemaji wa mkutano. Sentensi zake zinatiririka, anachagua neno la kawaida pale ambapo lipo, na msomaji anaweza kusikiliza akisomewa bila ya kupotea. Nilisikia sauti ambayo haikuwamo katika kitabu cha Kiingereza, sauti ya mtu asiyejitetea. Pale ndipo nilipomkuta akizungumza na kila Mswahili, wa Ng'ambo na wa Shangani, bila ya kumuuliza mtaa wake.

Mwaka 2001 nilipokwenda likizo nilimchukulia babu nakala. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na maandishi ya tafsiri hiyo yalikuwa makubwa kuliko ya msahafu wake wa zamani. Niliogopa jina lililokuwa juu yake. Nikalifunika jalada kwa karatasi ya khaki, kama watoto wa shule wanavyofunika madaftari, na kurasa za mwanzo nikazibana ndani ya karatasi hiyo. Nilijiambia kwamba ni heshima. Ilikuwa woga, na ilikuwa udanganyifu kwa mtu aliyenilea.

Miaka miwili baadaye nilimkuta bado anakisoma kila alfajiri. Nikamuuliza kama kinamfaa.

"Kinanifaa. Kiswahili chake kizuri." Akanyamaza, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mimi nimemsikia mtu yule akihutubia kabla hajazaliwa mama yako. Ulidhani sitaijua sauti yake?"

Niliomba radhi. Akanikataza kwa mkono.

"Kumsoma si kumpigia kura," akasema. "Kura yangu ya siku ile ningeipiga tena vilevile. Lakini hii kazi kaifanya vizuri, na haki ya mtu usimfiche nayo."

Akanitaka niiondoe karatasi ya khaki. Niliiondoa mbele yake.

Ali Muhsin alifariki Muscat mwaka 2006. Siku habari zilipofika Deira baraza lilijaa, viti vikaazimwa maduka ya jirani. Nilimpigia simu babu. Alisema inna lillahi, akauliza amezikwa wapi, akasikitika kwamba mtu amezikwa mbali na kwao. Yeye mwenyewe alifuata miaka mitatu baadaye, na tarjama ile aliirithi mama yangu.

Wazee wa baraza nao wamebaki wachache. Wajukuu wao hawazungumzi Kiswahili sana, na wale wanaokizungumza huniuliza maswali ambayo sisi tulikatazwa kuuliza: nani aliua, nani aliiba kura, nani alikuwa mwenyeji. Huwapa vitabu vyote, cha Aman Thani, cha Mapuri na cha Ali Muhsin, na huwaambia wavisome pamoja, kila kimoja kwa jina la mwandishi wake, bila ya kufunika jalada.