Kuingia si kufaa: Pijo kuukuu na spea zake Khwisero

Msomaji mpendwa, iwapo hujawahi kufika Khwisero, shika barabara ya kutoka Kisumu kuelekea Busia. Utapita Maseno, pale penye alama ya Ikweta ambapo wageni husimama wapigwe picha. Ukifika Luanda, acha barabara kuu na uingie kaskazini, uteremke hadi mto Yala na kupanda tena kati ya migomba, mahindi na mikalatusi. Hapo umeingia nchi ya Abashisa, kusini mwa Kaunti ya Kakamega, inayopakana na Butere, Vihiga na Gem ya Siaya.

Mgeni hulakiwa kwa neno "Mulembe!" na kabla hajaulizwa kilichomleta, obusuma na ingokho huwa zimeshaandaliwa. Lakini leo sikualiki kula kuku. Leo nakualika utazame magari.

Tembea katika maboma ya huku na aghalabu hutakosa kuona Peugeot kuukuu chini ya mwembe. Wenyewe huiita Pijo. Baadhi zimegeuka viota vya kuku, lakini nyingine zingali zinakwenda. Kwa muda mrefu, gari lililowaleta watu nyumbani magharibi mwa Kenya wakati wa Krismasi, ama kuleta jeneza likiwa juu ya kibebeo huku jamaa wamebanana ndani, lilikuwa Peugeot 404 au 504 ile ndefu ya safu tatu za viti. Baadaye ndipo Nissan za abiria 14 zilipotwaa njia.

Sifa ya gari hilo haikutoka hewani. Katika mashindano ya Safari, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Gari lililostahimili matope ya Safari lingeshindwaje na kilima cha Khwisero?

Ila chuma nacho huzeeka. Huko Ulaya, 504 ya saluni iliacha kuundwa mwaka 1983 na pikapu yake mwaka 1993. Hapa Kenya ziliendelea kuunganishwa hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Tangu hapo, mwenye gari la aina hii amebaki kutafuta spea kama atafutaye sindano kwenye rundo la nyasi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Khwisero ana 504 ndefu ya mwanzo wa miaka ya 1980. Kwa miaka mingi gari hilo ndilo lililogongewa mlango usiku, mama mja mzito au mtoto mwenye homa apate kukimbizwa hospitali ya misheni ya Mwihila. Nilipomtembelea, lilikuwa halijatoka bomani kwa majuma kadhaa. Lilinuka petroli, lilikohoa mlimani, na wanawe walikuwa wamemshauri aliuze kwa wanunuzi wa vyuma, lipimwe kwa kilo na mambo yaishe.

Mzee hakukubali wala hakukataa. Alimwita fundi kutoka sokoni na kumwambia, "Mwana wanje, usinitilie kitu cha kubahatisha. Humu hupanda wajukuu wangu."

Hapo ndipo ugumu ulipo, msomaji. Taa au kioo kisichofaa kitakuaibisha tu. Kifaa cha petroli kisichofaa kinaweza kuteketeza gari na waliomo.

Kwanza elewa njia ya petroli. Hukaa katika tangi la nyuma. Pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini huivuta kwa kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka, na kuisukuma hadi kwenye kabureta. Ndani ya kabureta mna boya dogo, kama lile la tangi la choo chako cha mjini. Petroli ikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano inayoziba mlango. Ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kisha petroli hupenya katika vitundu vidogo viitwavyo jeti, ikachanganyika na hewa na kuingia kwenye injini.

Fundi hakukimbilia kununua. Alitandaza gunia, akafungua kila kitu, akakiosha na kukipanga. Kiwambo cha pampu kilikuwa kimepasuka, na petroli ilikuwa inavujia hata kwenye oili ya injini. Mpira wa petroli ulikuwa na nyufa. Sindano ya kabureta ilikuwa imelika ncha, ndiyo maana petroli ilifurika. Kabureta yenyewe, Solex, ilikuwa nzima. Vitu vitatu vidogo ndivyo vilivyotaka kulipeleka gari zima kwenye mizani ya vyuma kuukuu!

Baadaye alichukua kipande cha karatasi na kuandika namba. Wengi wetu hatujui kwamba vifaa hivi huzungumza. Namba ya kwanza katika jina la Solex, tuseme 32 au 34, ni upana wa koo la kabureta kwa milimita. Jeti iliyoandikwa 130 ina tundu la milimita 1.30. Bamba lililo chini ya boneti hueleza aina ya gari. Injini nayo ni muhimu kuijua, maana 504 za petroli zilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1796 na nyingine ya 1971, na kabureta zake si lazima zifanane.

Safari ya kutafuta ikaanza. Mpira wa petroli ulipatikana Luanda, na hata hapo palihitaji macho. Muuzaji alitoa kwanza paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, nzuri kuitazama. Fundi aliikataa. Paipu ya maji hukakamaa na kupasuka ikikutana na petroli na joto la injini. Alitaka mpira uliotengenezwa kwa petroli, wenye upana uleule wa ndani, pamoja na vibanio vipya.

Kisumu ndiko kulikokuwa na majaribu. Duka moja lilikuwa na pampu mpya ya gari la aina nyingine. "Hii inaingia," muuzaji akasema, na kwa hakika matundu ya bolti yalilingana. Fundi aliiweka kando ya ile kuukuu na kuonyesha wenzo wake, ambao ulikuwa mrefu zaidi. Wenzo mrefu husukumwa kupita kiasi. Utavunjika, ama utaongeza nguvu ya petroli hadi sindano ya kabureta ishindwe kuizuia. Pampu hiyo ingeingia, lakini isingefaa.

Duka jingine lilipendekeza dawa inayopendwa sana, yaani kutupa Solex na kufunga kabureta ya gari la Kijapani juu ya kipande cha bati. Gari litanguruma, sikatai. Lakini jeti za kabureta hiyo zilichaguliwa kwa injini nyingine, na gari litakuwa na kiu ya petroli au litakosa nguvu mlimani. Hata mwinuko wa nchi huhesabiwa. Hewa ya Kakamega, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini iliyopimiwa pwani huku hupata petroli nyingi kuliko hewa. Kwa hiyo jeti haichaguliwi kwa kukisia.

Hatimaye ilibidi kubisha Nairobi, katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Huko kuna watu walioishi na spea za magari makuukuu tangu ujana wao. Fundi wa Khwisero alikuwa na kanuni moja: usitume maneno, tuma chuma. Alifunga pampu na sindano vizuri kwenye boksi na kuvipeleka kwa basi la usiku. Picha ya simu husaidia, lakini picha haipimi urefu wa wenzo. Baada ya siku chache boksi likarudi likiwa na paketi ya marekebisho ya pampu, yenye kiwambo na gasketi zake, pamoja na sindano yenye namba ileile.

Yako mambo mawili zaidi ambayo fundi aliyasisitiza. La kwanza ni petroli yenyewe. Mafuta ya taa yakichanganywa kwa hila huharibu uchomaji na kuacha utando, na udanganyifu huo ulikithiri hata serikali ikatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuukomesha. La pili ni ethanoli. Katika miaka ya 1980 Kenya iliuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni, na katika nchi nyingi mchanganyiko wa aina hiyo ni wa kawaida leo. Mipira ya zamani haikuundwa kwa ajili yake. Hulainika na kupasuka. Kwa hiyo kiwambo kilichokaa rafuni miaka 30, hata kikiwa cha kiwandani na ndani ya karatasi yake, si lazima kiwe bora kuliko kipya kilichotengenezwa kwa mpira unaostahimili ethanoli.

Oili iliyoingia petroli ilimwagwa na mpya ikatiwa. Vifaa vilipofungwa, injini iliwashwa na kuachwa ingurume huku fundi akipitisha kidole kavu kwenye kila kiungo. Hakuna aliyeruhusiwa kukaribia na sigara. Kidole kilibaki kikavu. Gari liliteremshwa hadi mto Yala na kupandishwa tena bila kukohoa. Wale wanunuzi wa vyuma wangali wanapita, lakini mzee hawafungulii lango.

Msomaji, huenda baba au babu yako ana gari la aina hii huko mashambani. Ukienda Desemba, mwombe akufungulie boneti. Nakili namba za kabureta, pampu na bamba la gari katika daftari. Chunguza mpira wa petroli, na ukiuona una nyufa, usingoje. Kifaa cha zamani kikiondolewa usikitupe, kitie kwenye kopo, maana ndicho kipimo cha kifaa kijacho. Na muuzaji akikuambia "inaingia", muulize urefu, upana na namba.

Zaidi ya yote, mtafute fundi mzee wa eneo lenu na umpelekee kijana wa kumsaidia kazi. Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Siku hizo za kuona mengi zikizikwa pamoja na fundi, hakuna duka la Kisumu wala la Nairobi litakalotuuzia nyingine.