Maji ya Sindano Si Maji ya Kunywa

Sisi wakazi wa Kitengela tunayajua maji kwa aina zake. Kuna ya kisima, yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu. Kuna ya lori, ambayo huulizi yametoka wapi mradi tangi limejaa. Kuna ya mtungi wa lita 20, ya kunywa, na kuna ya mvua, ambayo akina mama huyahifadhi kwa kupikia maharagwe. Leo nataka tuzungumze kuhusu maji ambayo wengi wetu hatuyafikirii hata kidogo: yale mililita 5 au 10 yanayoyeyusha dawa ya unga kabla haijadungwa mwilini.

Katika miaka yangu ya uuguzi niliyeyusha dawa nyingi za namna hiyo. Dawa hizi hutengenezwa zikiwa unga kwa sababu zikiwa majimaji huharibika upesi. Penisilini ya benzathini huja hivyo, na pia seftriaksoni na chanjo ya surua. Zamani mambo haya yalikuwa ya zahanati tu. Siku hizi yameingia majumbani.

Mwaka jana kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, alinijia na kichupa cha unga mweupe alichoagiza kwa simu. Aliambiwa ni peptaidi ya kupunguza unene. Kichupa kilifika peke yake, bila maji.

"Shikamoo mama. Nikichemsha maji ya mtungi yakapoa, si yatatosha?" aliniuliza.

"Marahaba. Kwa chai yatatosha, mwanangu," nilimjibu. "Kwa sindano, la."

Alitaka kujua sababu, na kujua ni haki yake. Je, wewe msomaji unaijua?

Maji unayokunywa hupita tumboni, penye asidi kali, kisha kwenye kuta za utumbo zinazochagua cha kupitisha na cha kuzuia. Sindano huwaruka walinzi hao wote. Kinachodungwa huingia moja kwa moja ndani ya nyama au damu. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini si vyote, kwani baadhi ya bakteria hujifunika kwa ganda gumu na kustahimili moto wa sufuria. Isitoshe, hapa kwetu kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Tena moto hauondoi chumvi wala floraidi, ile inayotia meno ya watoto wengi wa Kajiado madoa ya kahawia. Maji yanapopungua kwa mvuke, vitu hivyo hubaki na kukolea zaidi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Bakteria aliyekufa huacha mabaki yenye sumu. Mwaka wa 1923 mwanasayansi Florence Seibert, huko Marekani, alionyesha kwamba homa iliyokuwa ikifuata sindano ilitokana na sumu ya bakteria iliyobaki katika maji, ijapokuwa maji hayo yalikuwa yamegeuzwa mvuke na kukusanywa upya. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Ndiyo maana maji halisi ya sindano hutengenezwa kiwandani. Husafishwa hadi yasiwe na chumvi wala sumu hiyo, hutiwa katika vichupa vinavyofungwa kabisa, kisha hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Maji ya chupa ya dukani hayapiti njia hiyo. Ya kuchujwa hayapiti. Hata maji ya betri, ambayo watu huyasifu kwa usafi wake, hayafai.

Wafugaji wa Kajiado nao wana somo hapa. Dawa ya nagana ya ng'ombe mara nyingi huja kama unga ndani ya pakiti, na karatasi yake huagiza iyeyushwe kwa maji safi ya sindano. Shemeji yangu mmoja, mfugaji hodari, aliiyeyusha kwa maji ya bwawa aliyoyachuja kwa kitambaa. Baada ya siku chache shingo ya mtamba ilivimba, likatumbuka jipu. Alihesabu gharama ya daktari wa mifugo na ya maziwa aliyoyakosa, akaona kwamba rahisi ni ghali. Tangu hapo hanunui dawa ya unga katika agroveti bila kununua na maji yake.

Usidhani ni mambo ya mifugo tu. Mwaka wa 2017, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, katika kijiji cha Nachodokopele, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa dhidi ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanjo haikuwekwa katika baridi, na bomba moja la sindano lilitumiwa kuchanganyia dawa kwa siku zote za kampeni. Chanjo yenyewe haikuwa na hila. Mchanganyiko ulichafuliwa.

Mwaka uliofuata, katika nchi ya visiwa ya Samoa, watoto wachanga wawili walikufa kwa sababu wauguzi walichukua kichupa cha dawa ya kulegeza misuli, ile ya chumba cha upasuaji, wakidhani ni maji ya kuyeyushia chanjo. Vichupa hufanana, msomaji. Asiyesoma maandishi huua bila kukusudia.

Sasa, tufanye nini? Maji ya sindano yanunuliwe katika duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, wala si kwa mchuuzi wa mtaani au wa mtandaoni. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya matatu kwenda Nairobi. Soma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiinue kichupa kwenye mwanga: kikiwa na ufa, au maji yakiwa na ukungu au chembe zinazoelea, kirudishe. Kikishafunguliwa kitumike mara moja, na yanayobaki yamwagwe. Yapo pia maji yenye kihifadhi, pombe ya benzili, ambayo hudumu hadi siku 28 baada ya kutobolewa, lakini hayo ni hatari kwa watoto wachanga.

Tena, si kila unga hutaka maji. Artesuneti ya malaria kali ina kiyeyushio chake cha bikaboneti, na maji ya sindano hayafai kuchukua nafasi yake. Seftriaksoni ya kudungwa kwenye msuli huweza kuyeyushwa kwa dawa ya ganzi ili kupunguza maumivu, lakini mchanganyiko huo kamwe usitiwe kwenye mshipa wa damu. Karatasi iliyo ndani ya pakiti ndiyo mwalimu.

Na yule kijana? Nilimwambia kwamba hata maji yaliyo safi kabisa hayawezi kuutakasa unga usiojulikana ulikotoka. Kichupa chake hakikuwa na jina la kiwanda. Dawa halali ya jamii hiyo, semaglutide, huuzwa ikiwa imekwisha kuyeyushwa ndani ya kalamu yake, kwa cheti cha daktari. Alikitazama kile kichupa kwa muda. "Na pesa zangu, mama?" aliuliza. Nilimwambia pesa hutafutwa tena, ila figo hazipatikani sokoni. Kesho yake alikipeleka kwa mfamasia kikaharibiwe.

Wazazi, mtoto wako anapoandaliwa sindano, muulize muuguzi kwa adabu: dawa hii imeyeyushwa kwa nini, na kichupa kimefunguliwa saa ngapi? Muuguzi anayeijua kazi yake hatakasirika. Mimi sikuwahi kumkasirikia mama aliyeniuliza. Wanafunzi nanyi, mkiletewa unga bila maji na bila jina, msiulize maji yatapatikana wapi. Ulizeni kwanza unga umetoka wapi. Kuuliza si ujinga.