Mzio wa Kwenye Televisheni

Katika filamu zetu za nyumbani mtu akila akaanguka, mtazamaji hana haja ya kuuliza: ametiliwa sumu au amerogwa, na mke mwenza hayuko mbali. Katika tamthilia za Kimarekani na Kiingereza, ambazo ndizo wanazozitazama watoto wetu huku ugenini, mtu huyo huyo ana mzio wa chakula, au aleji kama wengi wetu tunavyoita. Anauma keki, anashika koo, uso unaumuka kama andazi kwenye mafuta, anaanguka. Anatokea mtu mbio na sindano, anamdunga, na kabla ya matangazo ya biashara mgonjwa amekaa kitako anatabasamu.

Sisi tulikuja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusomea uhandisi wa mitambo, tukakaa, tukazaa. Mwana wetu wa mwisho hali karanga wala ufuta. Kwa hiyo vipindi hivi hatuvitazami kama watazamavyo wengine. Mwenzio anacheka, wewe unahesabu makosa.

Na kweli mara nyingi ni kichekesho. Katika Hitch, filamu ya mwaka 2005 ambayo televisheni hairuhusu izeeke, Will Smith anavimba uso na masikio, anakunywa dawa ya mafua na mizio kwa mrija, na ukumbi mzima unacheka. Katika The Big Bang Theory, mwaka 2008, Howard mwenye mzio wa karanga anakula karanga makusudi ili amkawize rafiki yake hospitalini, sherehe ya kumshtukiza ipate kuandaliwa. Peter Rabbit ya mwaka 2018 ilivuka mpaka: sungura wanamrushia matunda mtu wanayejua yanamdhuru, moja linaingia mdomoni, anajidunga sindano, kisha anainuka kuendelea na vita. Wazazi walilalamika mpaka kampuni ya filamu ikaomba radhi.

Tuwe waadilifu, wapo waliojitahidi. Freaks and Geeks, katika kipindi chake kimoja cha mwaka 2000, ilionyesha mtoto mkorofi akiweka karanga ndani ya mkate wa mwenziwe kwa kuwa hasadiki habari za mzio. Mwenziwe anaishia hospitalini, na yule mkorofi anamfuata kitandani kuomba msamaha. Hapo mwandishi alielewa jambo moja kubwa, kwamba hatari ya mtoto huyu si karanga peke yake, ni yule asiyesadiki.

Lakini tatizo letu na vipindi hivi si kwamba vinacheka. Tatizo ni kwamba vinatufundisha kungojea alama isiyokuja.

Mwaka 2014 tulikuwa katika harusi hapa Coventry. Mwana wetu alikuwa na miaka saba. Alipewa kashata ya nazi na mtu mwema kabisa, nazi tupu, ila imekatwa kwa kisu kilichotoka kukata kashata za karanga. Baada ya kama dakika kumi akasema tumbo linamuuma. Akatapika. Kisha akanyamaza, rangi imempotea, anataka kulala tu. Kina mama wakamzunguka kwa huruma: amevimbiwa na biriani, mpeni maji ya tangawizi, ni joto la ukumbi, msimamisheni atoke nje apate hewa. Mama yake akatoa sindano mkobani. Bibi mmoja tunayemheshimu sana akamshika mkono: "Mwanangu, usimchome mtoto bure. Mbona hajavimba uso? Kwenye TV huvimba."

Mama yake alimchoma, pajani kwa nje, juu ya suruali ya harusi. Gari la wagonjwa likaja, na hospitali wakamlaza mpaka asubuhi, kwani mzio mkali unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia. Hiyo nayo hatujaiona ikionyeshwa.

Hatumlaumu yule bibi. Alisema kile alichokiona maishani mwake, na alichokiona kilikuwa kwenye kioo. Lakini mwongozo wa madaktari wa Uingereza unasema kwamba katika mizio mikali, asilimia 10 hadi 20 haina dalili za ngozi, au inazo kidogo mno kuonekana. Kwa mpiga picha wa televisheni dalili hizo ndizo mali: uvimbe unaonekana, vipele vinaonekana. Presha inayoshuka haipigiki picha. Mtoto aliyenyamaza ni mtoto aliyenyamaza.

Ruhusa tuingie kidogo kwenye kazi yetu. Chukua pampu na mabomba. Pampu inafanya kazi ile ile, lakini mabomba yote yapanuke kwa ghafla na yaanze kuvuja. Geji ya presha itaanguka bila kelele yoyote. Ndivyo mzio mkali unavyoifanya mishipa ya damu. Sasa msimamishe mgonjwa huyo "apate hewa": damu kidogo iliyobaki inateremka miguuni, moyo unapiga mtupu. Watu wamekufa kwa kuinuliwa. Ndiyo maana tunaambiwa tumlaze chali na kuinua miguu yake, au tumwache akae akiwa anahangaika kupumua, lakini asisimame wala kutembezwa. Adrenalini inaibana mishipa upya na kufungua njia ya hewa. Dawa za kuzuia muwasho, kama ile ya Will Smith, hazifanyi kazi hiyo.

Sindano yenyewe ni kazi ya mhandisi, Sheldon Kaplan wa Marekani, na chanzo chake ni kalamu ya kijeshi ya askari kujidunga dawa wakishambuliwa kwa gesi ya sumu. Ndani mna springi, na springi haitetemeki mikono. Serikali ya Marekani iliidhinisha ile ya mzio mwaka 1987. Inapigwa paja, si kifua. Fikra ya kupiga moyoni wengi waliipata kwenye Pulp Fiction ya 1994, ambako hata mzio haukuwamo. Na hutembei na moja, unatembea na mbili, kwani ikipita dakika tano bila nafuu unapiga ya pili, na hiyo ya kwanza ikishapigwa unaita 999 hata kama mtoto anacheka.

Mbili nazo wakati mwingine hazitoshi. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15 alikula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake, lebo haikusema, naye akapanda ndege London kwenda Nice. Baba yake alimdunga mara mbili humo humo angani, asipone. Kwa ajili yake ikapatikana Sheria ya Natasha, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2021, inayowalazimisha wauzaji kuandika viambato vyote kwenye chakula wanachokifunga dukani mwao.

Sheria hiyo haifiki kwenye masinia yetu. Chakula cha shughuli zetu kinapikwa na watu kumi katika majiko kumi, na hata jina ni mtihani: mmoja anasema karanga, mwingine njugu, na ukiuliza "ina njugu?" unajibiwa haina, kwani kwake yeye njugu ni njugu mawe. Ufuta kwa ndugu zetu wa Mombasa ni simsim. Halua ina lozi au korosho kutegemea aliyeipika. Sisi siku hizi tunauliza kwa majina yote, tunaonekana wasumbufu, na tunaendelea kuuliza.

Mwaka uliopita kamati ya jumuiya ilitupa nusu saa baada ya mkutano mkuu. Tulileta kalamu ya mazoezi, isiyo na sindano wala dawa, ikazunguka mkono kwa mkono. Yule bibi wa harusini alikuwapo, miaka imemzidi. Akaikandamiza pajani juu ya buibui, ikalia tiki, akaishikilia huku akihesabu kwa sauti. Akatutazama.

"Ndiyo basi? Wala hapigwi kifuani?"

Tukamwambia ndiyo basi. Akaomba aipige tena, safari hii kwa mkono wa kushoto.