Ku kazi

Tarehe 9 Machi 2024 ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo baba yangu, ambaye ni seremala, alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume katika karakana moja ya mbao hapa Lubumbashi. Malipo ya kwanza ya bima yalimfikia mwezi wa Oktoba 2025. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi kumi na tisa, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ililiwa na sentensi moja ya Kifaransa. Sentensi hiyo niliiandika mimi.

Kwa wasiojua mambo haya, nieleze kwanza jinsi yanavyokwenda. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayopanga hifadhi ya jamii ya wafanyakazi katika nchi yetu. Ina matawi matatu: misaada kwa familia, hatari za kazi na pensheni. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, na mwajiri anaweka asilimia 5 yake. Tawi la hatari za kazi, asilimia 1,5, hulipwa na mwajiri peke yake. Mtu akiumia kazini na kubaki na ulemavu, daktari hukadiria ni kiasi gani cha uwezo wake kimepotea, na malipo hufuata hesabu hiyo. Baba alikuwa ameandikishwa na alikuwa na namba yake. Katika mji ambamo mafundi wengi hawajulikani na ofisi yoyote, tulijiona wenye bahati.

Wiki moja baada ya ajali, sekretari wa karakana alimwomba baba barua ya maelezo kwa Kifaransa. Kifaransa cha baba kinatosha kupatana bei ya mbao; barua ni kazi ya mtoto aliyesoma. Alikaa kwenye kiti uani, mkono umefungwa bandeji, akaniambia polepole: «Andika: niliumia mukono ku kazi, siku ya posho. Mashini njo ilinikata. Tulikuwa tunamaliza mabenchi ya masomo.» Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwa watu wa umri wake.

Nikaandika: «Le samedi 9 mars, je me suis blessé à la main droite. J'ai perdu trois doigts.» Salamu za heshima, sahihi ya mkono wa kushoto, basi.

Niliipenda barua hiyo kwa ufupi wake. Ilikuwa inakwenda kwa mwajiri, na mwajiri alikuwa ameiona damu kwenye sakafu yake mwenyewe. Kwa nini nimkumbushe kwamba ilikuwa kazini kwake? Mabenchi ya shule nayo niliyaona kama maneno ya mazungumzo. Tulifundishwa katika pragmatiki kwamba wanaozungumza huacha kutaja lile ambalo wote wawili wanalijua. Somo hilo nililitumia vizuri kupita kiasi. Sikujua kwamba mwajiri angeichukua barua ile ile, aiambatanishe na tamko lake, na kuipeleka ofisini kwa watu ambao hawakuiona damu.

Dosie iliwekwa mwezi wa Aprili: tamko la mwajiri, barua yetu, cheti cha daktari, fotokopi ya kadi ya mpiga kura. Kuanzia Juni tulikwenda kuuliza kila mwezi, taksi mbili kutoka Katuba kwenda na mbili kurudi. Jibu la dirishani lilikuwa moja: «Papa, dosie iko en cours.» Mara ya kwanza nilimtafsiria baba kwamba iko njiani. Mara ya tatu, tukitoka nje, aliniuliza: «Iko mu njia gani? Ya Likasi ao ya Kasumbalesa?» Tulicheka. Mwezi wa Novemba hakuuliza tena.

Nilikuwa na muda mrefu wa kuifikiria «iko en cours». Ni sentensi isiyo na mtendaji. Haisemi nani ameishika dosie, wala kipi kinakosekana, wala lini. Mtu hawezi kuibishia, maana haikatai kitu. Anayeipokea hana la kufanya ila kurudi nyumbani na kungoja, naye anaamini kwamba kungoja ni sehemu ya utaratibu.

Nyumbani kungoja kulikuwa na bei yake. Mama, aliyekuwa akiuza makala kwa vikopo mbele ya mlango, alianza kununua magunia kwa deni. Mdogo wangu wa kike alifukuzwa shuleni mara mbili kwa ajili ya ada. Mimi nililipa minervali kwa kuwachapia wenzangu kazi zao za mwisho wa masomo usiku. Baba alikuwa akiamka saa kumi na moja kama zamani, anavaa, halafu anakaa.

Februari 2025 tulimkuta dirishani karani mwingine, mama wa makamo. Hakutuambia iko en cours. Alisimama, akaenda nyuma, akarudi na dosie yenyewe. Juu ya barua yangu palikuwa pamebanwa karatasi ndogo, na juu yake, kwa kalamu nyekundu, neno moja na alama ya kuuliza: «Lieu ?» Mahali? Tarehe ya karatasi hiyo ilikuwa ya Julai. Kwa miezi saba ofisi ilikuwa ikitungoja tujibu swali ambalo hakuna aliyetuuliza.

Yule mama akamsomea baba barua kwa Kiswahili, kwa wema, ili aelewe tatizo: «Papa, hapa barua inasema: nilijiumiza mukono wa kuume, siku ya posho. Na saa za kazi zenye bwana yako aliandika zinaisha siku ya tano. Sasa, ulijiumiza wapi? Ku nyumba?»

Baba alirudia neno moja: «Nilijiumiza?» Kisha akageuka, akanitazama.

Wenzangu wa lugha mtaelewa mara moja kilichotokea. Baba alisema «niliumia», kitenzi ambacho hakimtaji aliyeumiza. Kifaransa cha kawaida cha neno hilo ni «je me suis blessé», na hakuna mwalimu ambaye angenisahihisha. Lakini Kifaransa hicho kimebeba «me», na kikirudishwa kwenye Kiswahili kina njia mbili: «niliumia» au «nilijiumiza». Kama pembeni yake pangekuwa na mashine, au na kazi, msomaji angeshika njia ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeiondoa mashine na nimeiondoa kazi. Nilimwacha baba peke yake ndani ya sentensi, yeye na mkono wake.

Na maneno niliyoyaacha yalikuwa mawili tu: ku kazi. Kiswahili sanifu kingesema kazini. Sisi wa Lubumbashi tumeshika ku, mu na pa mbele ya jina, kama wanavyofanya majirani zetu wa Kibemba na Kiluba. Nilipata 16 juu ya 20 katika mtihani wa ngeli za mahali. Niliweza kueleza tofauti ya ku kazi na mu kazi kwa kurasa mbili, na sikuandika hata moja kati ya hizo mahali ilipohitajika.

Baba alimwambia yule karani: «Ni mutoto wangu njo aliandika. Anasomaka luga.» Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitetea au ananishitaki.

Karani alinitazama mimi sasa. «Mwanangu, sheria haiulize nani alikosa. Inauliza ilipitikia wapi, na kama mutu alifanya kwa kusudi. Barua yako haijibu la kwanza, na la pili inafanya batu bajiulize.» Akatuambia la kufanya: barua mpya, shahidi wa siku hiyo, na mwajiri athibitishe kwa muhuri kwamba Jumamosi ile watu walikuwa kazini. Dakika kumi zilitosha. Tungeambiwa hayo Julai, tungeyafanya Julai. Kosa langu nimelikubali, lakini silibebi lote. Mimi niliacha maneno mawili. Waliomtangulia yule mama kwenye dirisha lile waliacha kutuuliza.

Watu wawili walikuwa na baba siku hiyo. Mmoja alikataa kuandika jina lake. Ana watoto sita na bado anafanya kazi pale pale, sikumlaumu. Wa pili alikubali. Nilikwenda kwake jioni na daftari. Safari hii niliandika yote: saa, mashine, mabenchi, nani alisimama wapi. Nilipomaliza sikumpa asahihi mara moja. Nilimsomea barua yangu ya Kifaransa, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Mahali niliposema «Jumamosi hiyo tulikuwa tunatumika», alininyoshea mkono. «Hapana. Tuliitwa. Andika tuliitwa.»

Alikuwa na haki. Katika «tulitumika» kuna wafanyakazi tu, na mtu anaweza kuuliza walikuwa wakifanya nini karakanani siku isiyo yao. Katika «tuliitwa» kuna mtu aliyeita. Fundi huyo hakumaliza shule ya msingi, na aliona shimo ndani ya sentensi yangu kabla yangu.

Ulibaki muhuri. Mwenye karakana aliogopa. Kukubali kwamba watu walifanya kazi Jumamosi bila kuandikwa kungeweza kumletea maswali mengine. Nilimweleza baba jinsi michango inavyokwenda, nikamwandikia hiyo asilimia 1,5 kwenye kipande cha karatasi, nikataka kumsindikiza. Alikataa. Alikwenda peke yake asubuhi, akarudi mchana na karatasi yenye muhuri. Nilimuuliza alisema nini. «Nilimuambia: ulisha kulipa ju ya siku kama ile. Acha balipe.»

Halafu ilikuja fomu ya mwisho, nayo kwa Kifaransa tu, yenye neno «invalide» na mahali pa kutia sahihi chini yake. Baba aliuliza ni nani huyo. Nilitafuta neno, na kamusi ilinipa lile ambalo mtaani watu hulitumia kutukania: kilema. Alirudisha kalamu mezani. «Mimi siko kilema. Niko seremala bila bidole bitatu.» Nilimwambia kwamba neno hilo pale linahesabu pesa tu, halimhesabu yeye. Daktari alikuwa ameandika asilimia 30. Baba aliiangalia namba hiyo, akauliza ni 30 ya mkono wa nani, wa karani au wa seremala. Sikuwa na jibu. Siku ya tatu alitia sahihi.

Pesa zilifika Oktoba, kupitia benki, pamoja na sehemu ya malimbikizo. Sehemu iliyobaki, tuliambiwa, iko en cours. Mama alilipa deni la magunia. Mdogo wangu yuko darasani. Baba sasa ananoa misumeno ya watu na kufundisha vijana wawili. Anawaonyesha kwa mkono wa kushoto, na jambo la kwanza analowaonyesha ni kifuniko cha mashine, kwamba kisiondolewe.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa ambazo Serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Tunakinukuu kifungu hicho kila mwaka katika kazi zetu. Ningependa kuona fomu ya ajali ya kazi yenye lugha mbili, ili mtu aliyeumia asome mwenyewe kile anachotiwa sahihi. Lakini fomu hiyo haiwezi kuchapishwa na mimi. Linaloniwezekana ni dogo zaidi. Kitivo chetu kina wanafunzi wanaoweza kuandika barua na, jambo muhimu kuliko hilo, kuisoma kwa Kiswahili mbele ya mwenyewe kabla hajaweka sahihi. Tungekuwa na meza moja na viti viwili, siku ya posho, watu wangekuja.

Wameanza kuja hata bila meza. Habari ya baba ilizunguka Katuba, na tangu Oktoba nimeandika barua nne. Ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja aliyeungua na mafuta ya moto jikoni mwa hoteli. Alikuja na mkono umefungwa, akakaa kwenye kiti kile kile cha uani, akaanza kunieleza maumivu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Baba alikuwa pembeni akinoa msumeno, hakuinua kichwa.

«Muulize ni wapi,» alisema.