Majoka 10, asilimia 47

Mwaka 2015 nilikuwa na majoka kumi na sikujua kuyatumia. Joka moja lilikula nafasi 20 kambini, kambi zangu nne zilibeba 200, kwa hiyo jeshi lilikuwa limejaa pomoni kwa majoka matupu. Wakati ule joka moja lilitengenezwa kwa nusu saa. Kwa kambi nne za mafunzo zikifanya kazi pamoja, jeshi zima lilinichukua saa moja na nusu. Nikasubiri, nikaingia vitani, nikayamwaga yote upande mmoja wa kijiji cha adui kama mtu anayeanika mahindi. Dakika tatu zilipokwisha, kioo cha simu kiliandika asilimia 47. Nyota sifuri.

Kwa ambaye hakuwahi kuucheza, mchezo wenyewe ni Clash of Clans, uliotengenezwa na kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland. Ulitoka mwaka 2012 kwa wenye iPhone na iPad, na Oktoba 2013 ukafika kwenye Android, ndipo na sisi wa simu za kawaida tukaupata. Unajenga kijiji, unakizungushia kuta na mizinga, unafundisha askari, unavamia vijiji vya wenzako. Aprili 2014 vikaja vita vya klani, yaani vikundi vya wachezaji, na hapo mchezo ukabadilika kabisa. Klani mbili zinapangiwa kupigana, kila mtu anapewa mashambulio mawili tu, na kila kijiji kina nyota tatu: moja ukivunja nusu ya majengo, moja ukiuangusha Ukumbi, jengo kuu la kijiji linalopandishwa ngazi kwa ngazi, na ya tatu ukifagia kila kitu. Asilimia 47 maana yake nilikuwa nimeharibu sana na sijaleta chochote nyumbani.

Klani yetu ilizaliwa kwenye kibanda cha fundi simu Kariakoo. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, na sote tulimwita Fundi, hata wale ambao hawakuwahi kumwona kwa macho. Walikuwamo vijana wa mtaani kwetu, dada mmoja aliyekuwa akisoma Mwanza, na binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat, ambaye saa yake ilitangulia yetu kwa saa moja na kila mara alituamsha kwa ujumbe. Wengi tulicheza kwa bando la usiku kwa sababu lilikuwa rahisi. Kwa hiyo maamuzi makubwa ya vita yalifanyika watu wakiwa wamejifunika shuka, mwanga wa simu umepunguzwa hadi mwisho.

Kesho yake baada ya ile asilimia 47 nilikwenda kibandani. Fundi alikuwa amefungua simu ya mteja, skrubu zimepangwa juu ya sumaku. Akasukuma kila kitu pembeni.

"Dogo, lete marudio tuangalie."

Tukaangalia shambulio langu tangu mwanzo. Majoka yalianza pamoja, kisha matatu yakakata kushoto, manne yakaenda kulia kuchoma vibanda vya wajenzi na migodi ya dhahabu, matatu tu yakaingia katikati. Mizinga ya kutungulia, ambayo katika Ukumbi wa 8 ilikuwa mitatu, ilikuwa imekaa katikati humo ikiyasubiri. Ikayatungua moja baada ya jingine. Kutoka ngome ya klani, walikokaa askari wa akiba, likatoka joka la adui likamalizia.

"Yamegawanyika, kaka," nikasema.

"Hayajagawanyika. Wewe umeyagawa. Joka halijui Ukumbi uko wapi. Joka linachoma jengo lililo karibu na pua yake."

Sentensi ile ndiyo iliyonifungua macho. Katika mchezo huu ukishamweka askari chini, humwamrishi tena. Huwezi kumwambia rudi, huwezi kumwambia acha hilo piga lile. Kila mmoja ana tabia yake na ataifuata mpaka afe. Mpiga mishale anapiga kilicho jirani. Jitu linakwenda kwenye mizinga na kuviacha vyote vingine, hata likiwa linapigwa mgongoni. Baluni nalo linatafuta mizinga, polepole mno. Kibwengo wa kijani anakimbilia dhahabu. Amri yako ni mbili tu: nani anatangulia, na anawekwa wapi. Nilikuwa nimecheza karibu mwaka mzima nikidhani jeshi kubwa ni jeshi la vitu vikubwa.

Fundi alikuwa na daftari la mraba la hesabu, na miraba ile ilimfaa kwa sababu uwanja wa mchezo nao umegawanywa kwa miraba. Alichora kijiji cha adui kwa kalamu ya bluu, mizinga kwa nyekundu, na mahali alipohisi pana mtego akatia msalaba kwa penseli. Akanichorea na kile kijiji kilichonishinda. Kwanza, akasema, chupa zote tatu za radi zipige mzinga mmoja wa kutungulia mpaka ufe, ibaki miwili. Pili, kila pembe ya upande unaoingilia iwekwe joka moja, likwangue vibanda vya nje. Vibanda vya nje vikiisha, majoka ya katikati yanakosa pa kukimbilia ila ndani. Tatu, punguza majoka yawe manane, nafasi 40 zilizobaki weka mabaluni manane, na yaende nyuma ya majoka. Mizinga inapiga kilichotangulia; majoka yana mwili mkubwa, yanavumilia, na mabaluni yanaifikia mizinga ikiwa imeshughulishwa.

Nilijaribu hivyo hivyo vita vilivyofuata. Nyota mbili, asilimia 88. Kijiji kigumu kuliko cha kwanza.

Ila majoka yalikuwa shule ya msingi. Kilichotufanya tuanze kukesha ni wale wapanda nguruwe. Wengi wetu tulikuwa Waislamu na jina lile halikukaa vizuri mdomoni, tukawaita wapanda ngiri. Mpanda ngiri anaruka ukuta. Mizinga ndiyo shabaha yake, na ukuta wa adui, hata ule uliogharimu mamilioni ya dhahabu, kwake ni kama haupo. Kundi la thelathini likiingia vizuri linaosha kijiji kwa dakika moja na nusu. Adui wao ni mmoja, bomu kubwa lililofukiwa chini, ambalo linawaumiza mara moja na nusu kuliko askari wengine. Bomu moja wanalistahimili ukiwapa tiba. Mawili yakiwa yamefukiwa ubavu kwa ubavu yanaua kundi zima papo hapo, na tiba haiwahi.

Kwa hiyo tulijifunza kusoma uwazi. Bomu kubwa moja linakalia miraba miwili kwa miwili. Mabomu mawili pamoja yanahitaji miwili kwa minne. Mtu asiyejua akitazama kijiji anaona mizinga. Fundi alitazama nafasi tupu baina ya mizinga. Alikuwa akipitisha ncha ya penseli juu ya kioo cha simu bila kukigusa, akihesabu: mmoja, miwili, mitatu, minne. "Hapa," anasema. "Hakuna mtu anayeacha uwanja mtupu hivi katikati ya kijiji chake bila sababu."

Vita ninavyovikumbuka kuliko vyote vilikuwa vya watu 15 kwa 15, na vilikuwa vinaisha saa nane usiku. Ilipofika saa saba wenzetu walikuwa na nyota 39, sisi 38. Shambulio lililobaki lilikuwa moja tu, langu, na kijiji pekee chenye faida ya kutosha kilikuwa namba nne, ambako dada wa Mwanza alikuwa amepata nyota moja. Ningeleta tatu, tungefika 40. Mtaani umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili na simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 19.

Dada hakupata nyota nyingi lakini alituachia kitu chenye thamani zaidi: marudio yake yalionyesha bomu kubwa moja limelipuka upande wa kaskazini, likiwa peke yake. Katika Ukumbi wa 8 mabomu hayo ni matatu. Yamebaki mawili, na upande wa kusini, kati ya mnara wa wachawi na mzinga wa makombora, palikuwa na uwazi wa miwili kwa minne.

Jeshi langu lilikuwa hivi: wapanda ngiri 32, wachawi sita wa moto, wapiga mishale 16, jumla 200 kamili, na Mfalme, shujaa asiyehesabiwa nafasi, juu yake. Tiba tatu. Hakuna joka.

Nilimweka mpanda ngiri mmoja ukingoni, akakimbilia mzinga wa kwanza. Alipoingia kwenye duara la ngome, wakatoka waliokuwa ndani: joka moja na wapiga mishale watano, nafasi 25 kamili. Mpanda ngiri akafa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikaweka mpiga mishale mmoja pembeni kabisa, joka likamfuata. Nikaweka mwingine mbali zaidi, likamfuata na huyo. Lilipofika kona ya uwanja ambako hakuna mzinga unaofika, nikawazungushia wapiga mishale kwa duara, mmoja mmoja, nikiwatenganisha ili pumzi moja isiwachome wote, na wachawi wanne nyuma. Likaanguka. Sekunde 45 zilikuwa zimekwenda, na mikono ilikuwa imelowa jasho kiasi kwamba kioo kilikuwa kinakataa kidole.

Kisha watatu wa kafara, moja kwa moja kuelekea ule uwazi wa kusini. Walipokanyaga, mabomu yote mawili yakalipuka kwa pamoja na skrini nzima ikatikisika. Watatu wamekwisha. Njia ikawa safi. Nikawashusha 28 waliobaki kwa mafungu mawili, kusini na mashariki, na tiba ya kwanza nikaitupa mbele yao, pale watakapofika baada ya sekunde mbili. Ukiitupa walipo, wanaikimbia. Hilo nililijua kwa kupoteza vita vitatu kabla ya hapo.

Mizinga iliisha dakika ikiwa imebaki. Lakini nyota ya tatu inataka kila kibanda, na vibanda vya wajenzi adui alivificha kwenye kona nne. Mfalme na wachawi wawili nilikuwa nimewaacha nje kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Kibanda cha mwisho kilikuwa kona ya magharibi, na Mfalme anatembea kwa miguu. Saa ilisoma sekunde 11 alipokivunja.

Simu ikaanza kutetemeka kwa ujumbe. Binamu kutoka Muscat, kwake ikiwa inakaribia saa tisa, aliandika "Allahu Akbar" mara saba. Fundi aliandika moja tu: "Safi, dogo. Kalale."

Ule mpango wa kulivutia joka konani haukuishi sana. Julai 2015 mchezo ulileta sumu, chupa unayoitupa juu ya waliotoka ngomeni wakafa au wakadhoofika pale pale, na ustadi wa kulivuta joka hatua kwa hatua ukapungua thamani. Desemba ukaja Ukumbi wa 11. Wengine waliingia kwenye mbinu ya shujaa Malkia anayetembea na wahudumu wanne wa tiba juu ya kichwa chake, na nikiri kwamba kulipanga shambulio la namna hiyo ni raha ya aina yake. Lakini dada alimaliza chuo akaacha, binamu akapata familia, na klani ikabaki na majina ambayo hayajagusa mchezo miezi minne. Fundi alihamia Tabata. Aliponipa lile daftari alisema yeye hana pa kuliweka.

Mchezo bado upo na bado una wachezaji wengi. Mwaka 2022 waliondoa gharama ya kufundisha askari, na Machi 2025 wakaondoa na muda wa kusubiri. Jeshi sasa liko tayari wakati wowote: ukishindwa, unarudi palepale na majoka yako yote. Najua wanaoanza leo wanafurahia, na nisingependa kumrudisha mtu kwenye saa moja na nusu za kutazama kambi. Lakini ni katika saa moja na nusu hizo ndipo daftari lilipochorwa. Jeshi lilikuwa ghali, kwa hiyo tulikaa watu watatu kibandani kubishana kama baluni litangulie au lifuate, na shambulio moja likala mawazo ya jioni nzima.

Kwa maoni yangu, Clash of Clans ilikuwa mchezo bora zaidi wakati joka lilipotaka nusu saa.