Kutoka Lugalo hadi Utengule: Safari Katika Himaya ya Wahehe

Basi likishamaliza kona za mlima Kitonga, joto hubaki bondeni na baridi ya Iringa inakupokea. Ilula, akina mama wanakuinulia ndoo za nyanya na vitunguu hadi dirishani. Umeshaingia katika ardhi ya himaya.

Dunia inamjua Genghis Khan, aliyeunganisha koo za Mongolia mwaka 1206. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na Munyigumba. Katikati ya karne ya 19 Uhehe ulikuwa na tawala ndogo nyingi, kila moja na mtwa (chifu) wake. Munyigumba aliziunganisha kwa vita na kwa ndoa, akawapanga vijana katika vikosi kwa mbinu ambazo majirani zao Wasangu walijifunza kwa Wangoni, na Wahehe wakajifunza kwa Wasangu. Alipofariki karibu mwaka 1879, mwanawe Mkwawa alishinda ugomvi wa urithi na kuipanua nchi zaidi.

Kabla ya kufika mjini, simama Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walikishambulia kwa ghafla kikosi cha Wajerumani kilichokuwa njiani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Mnara ungalipo karibu na barabara kuu.

Kisha nenda Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo. Hapa palikuwa na ngome ya mawe iliyotekwa tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya kupigwa mizinga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Katika makumbusho ya Kalenga, fuvu linalotajwa kuwa lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa ndani ya kioo. Ukilitazama kwa karibu, utanyamaza bila kuambiwa.

Ukielekea Mbeya, ukishapita Makambako, milima inafunguka na Usangu inatandaa kulia kwako: mashamba ya mpunga ya Mbarali, na magunia ya mchele yamepangwa barabarani Igawa na Chimala. Wahehe walimfukuza Merere, mtwa wa Wasangu, kutoka bonde hili lenye rutuba, naye akahamia Usafwa na kujenga ngome Utengule, karibu na Mbalizi. Wasangu hawakusahau. Wajerumani walipomwandama Mkwawa, Wasangu walikuwa upande wao, na baadaye wakarudi kwao. Himaya iliyokua kwa kuwafukuza majirani ilikosa majirani siku ya dhiki.

Leo Mhehe, Msangu na Msafwa wanapanda basi moja na kula wali wa shamba moja. Ndugu msomaji, usiipite nchi hii usingizini ukielekea Tunduma. Shuka Iringa, fika Kalenga, kisha endelea hadi Utengule, na uwachukue watoto wako pamoja nawe. Historia hii ni yao.