Pumziko Njiani Bura

Safari ya kutoka Garissa kwenda Garsen ni ndefu, na msafiri aliyechoka huiona nchi yote kuwa ni moja: vichaka vya miiba, vumbi, na barabara inyookayo mpaka macho yakauma. Basi hufumba macho, akaomba jua lipungue. Lakini wako wenye desturi ya kusimama karibu na Bura, Bura hii ya Mto Tana, wala siyo ile ya Taita, wakapumzika kivulini mwa mgunga na kunywa chai. Wakiisha kukaa kitako kwa muda wa saa moja, nchi ile ile huanza kuwafunulia mambo yake.

Jambo la kwanza ni ule mstari wa kijani upande wa mashariki. Hiyo ndiyo miti ya ukingo wa Tana. Mto wenyewe hauonekani, ila miti yake hueleza ulipo. Tana hutoka katika milima ya Nyandarua na Kenya, ukasafiri yapata kilometa 1,000 mpaka baharini karibu na Kipini. Hapa Bura mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifikii milimeta 400. Kwa hiyo mkulima wa Kipokomo alimaye ndizi na mpunga ukingoni, na mfugaji wa Kiorma aletaye ng'ombe kunywa, wote wawili huishi kwa mvua iliyonyesha mbali, katika nchi ambayo huenda hawajapata kuiona.

Jambo la pili ni mifereji. Katika miaka ya mwisho ya 1970 Serikali ilianza hapa mradi mkubwa wa kumwagilia mashamba, na familia zaidi ya 2,000 kutoka pande nyingi za Kenya zikaja kulima pamba. Ilikusudiwa kulima hekta 6,700, lakini zilizotengenezwa hazikuzidi sana 2,500. Maji yalivutwa kwa mashine za dizeli. Zilipoharibika, mashamba yalikauka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 kilimo kilikuwa kimekwama. Huko Hola, mwaka 1989, mto ulihama njia yake, ukaziacha mashine za maji zimesimama pakavu. Kazi ya kufufua mashamba ya Bura ilianza tena katika miaka ya 2000, na baadaye ukaanza kuchimbwa mfereji wa kuyaleta maji kwa mteremko, pasipo mashine.

Jambo la tatu ni mathenge. Mti huu wa kigeni ulipandwa huku katika miaka ya 1980, ili watu wapate kuni na kivuli, na upepo uzuiwe. Ulistawi kuliko ilivyotazamiwa. Palipoachwa bila kulimwa uliingia wenyewe, ukaziba mifereji na njia.

Karani mmoja, akienda Hola kwa uhamisho, alikaa hapo na familia yake wakati dereva akipoza gari. Moyoni alikuwa na nia ya kutafuta shamba Bura, alime atakapostaafu. Akaja mzee mmoja na mbuzi wake, akapewa maji.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mwatoka juu? Mvua imenyesha Meru?”

Karani alitazama mbingu, hakuona hata wingu. Mzee akamweleza kwamba mvua ya Meru ndiyo ipandishayo maji ya Tana, naye hataki kuteremsha mbuzi ukingoni wakakutwa na mafuriko. Karani alipotaja habari ya shamba, mzee hakuchukia. Alinyosha fimbo kuelekea ile miti ya mtoni.

“Lima, mwanangu. Lakini utuachie njia.”

Njia aliyoitaja ndiyo Waorma waiitayo malka, yaani mahali mifugo ipitapo kwenda kunywa. Shamba likiifunga upande mmoja, na mathenge wakaifunga upande wa pili, mfugaji hubakiwa na mambo mawili: ng'ombe wafe kwa kiu, ama wakanyage mazao ya mwenziwe. Hilo si dogo. Huko chini, katika Delta ya Tana, ugomvi wa mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 uliwaua watu zaidi ya 100, na maji na malisho vilikuwa miongoni mwa sababu zake.

Dereva alipopiga honi, wanawe karani walipanda garini. Yeye alikawia kidogo. Alikuwa akimwuliza mzee malka hiyo yapita wapi hasa, na upana wake ni hatua ngapi, naye akaandika majibu nyuma ya barua yake ya uhamisho.